Alexander Maconochie: mkuu wa gereza aliyewahi kuwa mfungwa

Jioni ya tarehe 25 Mei 1840 tarumbeta ililia katika kisiwa cha Norfolk, na wafungwa wapatao 1,800 wakarejea mabwenini mwao. Tangu asubuhi malango yalikuwa wazi. Walikuwa wameadhimisha siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria kwa kula nyama freshi, kunywa ramu kidogo iliyochanganywa na maji ya ndimu, kutazama mchezo wa kuigiza na kushangilia fataki. Hakuna aliyejaribu kutoroka, wala askari aliyeguswa.

Habari hizo zilipofika Sydney ziliwaghadhibisha watu wengi. Kisiwa cha Norfolk kilikuwa mahali pa kutisha kuliko pote katika makoloni ya Uingereza upande huu wa dunia, na kilikusudiwa kibaki hivyo. Wakubwa wa koloni hawakuuliza ni kwa nini watu waliosemwa kuwa ni wanyama walirudi wenyewe jioni ile. Waliuliza ni mkuu gani wa gereza huyu anayewapa wahalifu ramu.

Mkuu huyo alikuwa Alexander Maconochie, nahodha mstaafu wa jeshi la wanamaji, mwenye umri wa miaka 53. Alikuwa na miezi miwili na ushei tu kisiwani. Leo jina lake limeandikwa mbele ya gereza la jiji la Canberra, lakini alipokuwa hai alifukuzwa kazi mara tatu, na kila mara sababu ilihusu namna anavyostahili kutendewa mtu aliyefungwa.

Mateka wa Verdun

Maconochie alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 11 Februari 1787. Baba yake, aliyekuwa akifanya kazi za sheria, alifariki mwana akiwa bado mdogo, na jamaa yake mmoja aliyekuja kuwa jaji ndiye aliyemlea. Ilitarajiwa kwamba kijana huyo naye angekuwa mwanasheria. Yeye alichagua bahari, na mwaka 1803 akajiunga na jeshi la wanamaji wakati Uingereza ikipigana na Ufaransa ya Napoleon.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1811 meli yake, Grasshopper, ilikwama karibu na pwani ya Uholanzi. Mabaharia wake walitekwa, wakatembezwa kwa miguu katika baridi kali hadi Verdun, Ufaransa. Maconochie alikaa huko akiwa mateka wa vita kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Napoleon alipoanguka mwaka 1814.

Tukio hili ni dogo katika historia ya vita vile, lakini kwa kisa chetu ni kubwa. Wakuu wa magereza wa karne ya 19 walikuwa wengi, na baadhi yao waliandika vitabu vinene kuhusu nidhamu na adhabu. Waliowahi kuhesabiwa asubuhi na jioni, wakala walichopewa, na wakasubiri siku ya kuachiwa wasiyoijua, walikuwa wachache mno. Maconochie alikuwa mmoja wao.

Baada ya vita alirejea uraiani, akaoa mwaka 1822, na akageukia elimu. Mwaka 1830 alikuwa katibu wa kwanza wa Jumuiya ya Kijiografia ya London, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Kifalme. Miaka mitatu baadaye akawa profesa wa kwanza wa jiografia katika Chuo Kikuu cha London, kile kinachoitwa leo University College. Hakuna kilichoonyesha kwamba maisha yake yangeishia kwenye magereza.

Maswali 67

Mwaka 1836 rafiki yake, mpelelezi wa bahari Sir John Franklin, aliteuliwa kutawala Van Diemen's Land, kisiwa tunachokiita leo Tasmania. Maconochie akaenda naye kama katibu wake mahsusi, wakafika Hobart mwanzoni mwa mwaka 1837. Kabla ya safari, chama kimoja cha London kilichoshughulikia marekebisho ya magereza kilimkabidhi orodha ya maswali 67 kuhusu hali ya wafungwa waliopelekwa uhamishoni, kikamwomba ayatafutie majibu.

Kazi hiyo angeweza kuifanya kwa kunakili taarifa za serikali. Yeye alikwenda kutazama. Wakati huo wafungwa wengi hawakuwekwa nyuma ya kuta. Waligawiwa kwa walowezi wawatumikie bila ujira, mashambani na majumbani. Aliyeangukia kwa bwana mwema aliweza kuishi kama kibarua wa kawaida. Aliyeangukia kwa bwana mkali aliweza kupelekwa kwa hakimu na kuchapwa kwa jibu la ufidhuli. Watu wawili waliohukumiwa kwa kosa moja na siku moja walitumikia adhabu zisizofanana hata kidogo, na tofauti yote ilitoka kwa yule aliyewasimamia.

Ripoti ya Maconochie ililinganisha utaratibu huo na utumwa. Aliandika kwamba unamharibu mfungwa na kumharibu pia bwana wake, na kwamba mtu anayetii kwa hofu tu hajifunzi chochote cha kumfaa atakapokuwa huru. Ripoti ilipelekwa London na kuchapishwa, nayo ikatumiwa na kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza suala la uhamisho. Walowezi wa Hobart, ambao mashamba yao yalitegemea kazi hiyo ya bure, walipata habari mwaka 1838. Hasira yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba Franklin, ingawa alikuwa rafiki yake, alimwachisha kazi. Huko kulikuwa kufukuzwa kwake kwa kwanza.

Kisiwa kilichotisha

Norfolk ni kisiwa kidogo cha takriban kilomita 35 za mraba katika bahari ya Pasifiki, kati ya New Zealand na Kaledonia Mpya. Kuanzia mwaka 1825 kilitumika kuwafungia hasa wale waliohukumiwa Uingereza, wakaletwa Australia, kisha wakatenda makosa tena wakiwa huku. Kusudi la serikali lilikuwa wazi: jina la kisiwa hicho liwatie hofu wengine wote.

Mwaka 1834 wafungwa waliasi, na 13 wakanyongwa. Padri William Ullathorne, aliyetumwa kuwaandaa kwa kifo, aliacha simulizi ambayo imedumu hadi leo. Alipoyasoma majina ya waliosamehewa na ya waliokuwa wafe, ni wale wa kufa waliopiga magoti na kumshukuru Mungu. Waliosamehewa walibaki kimya.

Baadhi ya wanahistoria wa miaka ya karibuni wameonya kwamba sifa ya kisiwa hicho ilitiwa chumvi. Rekodi zinaonyesha kwamba wengi wa waliopelekwa huko walikuwa wezi wa kawaida, wala hawakuwa majitu ya kutisha yaliyosimuliwa magazetini. Onyo hilo linafaa kuzingatiwa. Hata hivyo, halifuti mijeledi, minyororo na kitanzi, ambavyo vyote vilikuwapo.

Alama badala ya miaka

Mwezi Machi 1840 Maconochie aliwasili Norfolk akiwa mkuu mpya wa kisiwa, pamoja na mkewe Mary na watoto wao sita. Serikali ilikuwa imemruhusu ajaribu wazo alilokuwa ameliandika.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Mfungwa asihukumiwe kukaa muda fulani, bali kutimiza kazi fulani. Adhabu yake ihesabiwe kwa alama. Anayefanya kazi kwa bidii na kuishi vizuri na wenzake anapata alama, na zikitimia idadi iliyowekwa, anaachiwa. Akitaka chakula kizuri zaidi au kitu cha ziada, ananunua kwa alama hizo hizo, naye anajua kwamba anachokula leo kinamchelewesha kutoka. Akikosa, anatozwa alama badala ya kuchapwa. Baada ya hatua ya kwanza ya adhabu, wafungwa wangeunda makundi ya watu sita sita, wote wakinufaika kwa jema la mmoja na wote wakipoteza kwa kosa la mmoja.

Aliyezoea kuona miaka ikipita juu ya kichwa chake kama mvua sasa alipewa kitu cha kushika mkononi. Maconochie alisema kwamba ufunguo wa gereza lazima uwe mikononi mwa mfungwa mwenyewe.

Pamoja na alama yalikuja mambo mengine. Jukwaa la kunyongea liliondolewa. Viboko vilipungua sana. Yalijengwa makanisa mawili, moja la Wakatoliki na moja la Waprotestanti. Ilifunguliwa shule, vikaletwa vitabu na ala za muziki. Wafungwa walipewa vishamba vya kulima mboga, na waliokufa wakaruhusiwa kuwekewa mawe ya kaburi yenye majina yao. Maconochie na familia yake walitembea kisiwani bila walinzi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Charles Anderson. Alikuwa baharia aliyejeruhiwa kichwani vitani, akawa mwepesi wa hasira, akafungwa, akatoroka, akachapwa, akatoroka tena. Kabla ya kuletwa Norfolk alikuwa amefungwa kwa mnyororo kwenye mwamba katika Goat Island, ndani ya bandari ya Sydney, akilala kwenye shimo la jiwe, na waliopita kwa mashua walimtazama kama mnyama wa maonyesho. Maconochie alimkabidhi maksai watukutu awafunze, akawakataza wengine kumchokoza. Anderson akatulia pamoja na maksai wake. Baadaye akapewa kusimamia kituo cha ishara juu ya Mount Pitt, akiwa amevaa sare za ubaharia, akipandisha bendera kila meli ilipoonekana.

Ahadi asiyoweza kuitimiza

Lingekuwa kosa kumsimulia Maconochie kama mtakatifu. Gavana wa New South Wales, Sir George Gipps, alikuwa amemwagiza autumie mfumo wake kwa wafungwa wapya kutoka Uingereza tu, na awatenge na zaidi ya 1,000 wa zamani waliokuwapo. Maconochie aliona kwamba katika kisiwa kidogo namna ile haiwezekani kuwa na sheria mbili, akauingiza mfumo kwa wote. Huenda alikuwa na haki, lakini alikuwa amekaidi amri.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kisheria. Alama zilikusudiwa kununua uhuru, na Maconochie hakuwa na mamlaka ya kufupisha kifungo cha mtu. Watu walijitahidi, wakajaza hesabu zao, kisha wakaambiwa wasubiri. Ahadi aliyokuwa ameitoa kwa moyo mweupe ilianza kupoteza thamani mbele ya waliomwamini, na mwenyewe alilitambua hilo.

Yalikuwapo pia matukio machungu. Mwezi Juni 1842 wafungwa 12 waliiteka meli Governor Phillip iliyokuwa ikishusha shehena. Askari waliikomboa, watu wakauawa, na baadhi ya watekaji wakanyongwa Sydney. Nyumbani kwake mwenyewe, mapenzi kati ya binti yake na mfungwa aliyetumikia familia yaligeuka kashfa, na msichana akarudishwa Uingereza. Kwa wapinzani wake haya yalikuwa ushahidi tosha.

Mwezi Machi 1843 Gipps alifika kisiwani bila kutoa taarifa. Alikaa siku kadhaa, akakagua mabweni, akahoji watu. Ripoti yake ilikuwa ya haki kuliko ilivyotarajiwa: aliukosoa mfumo, lakini akakiri kwamba aliona utulivu na utaratibu, na kwamba wafungwa walikuwa wameathirika kwa wema. Wakati ripoti hiyo ikiwa bado baharini, London ilikuwa imekwisha kuamua kumwondoa Maconochie. Aliondoka mwezi Februari 1844. Katika miaka yake minne wafungwa wapatao 1,400 waliachiwa, na hadi kufa kwake alishikilia kwamba wengi wao hawakurudia makosa.

Kisiwa kile kile, wakuu wengine

Kilichofuata ndicho kinachofanya kisiwa cha Norfolk kitajwe hadi leo na wanaotafiti uongozi wa magereza. Bahari, kuta na mabweni vilibaki vile vile. Aliyebadilika ni mkuu, pamoja na maagizo aliyopewa.

Meja Joseph Childs aliletwa kurudisha ukali. Mijeledi ikarudi, na nafasi ndogo ndogo ambazo wafungwa walikuwa wamezizoea zikafutwa moja baada ya nyingine. Tarehe 1 Julai 1846 waliamka wakakuta sufuria na vyombo vyao vya kupikia vimechukuliwa. Kupika wenyewe chakula chao kidogo kulikuwa ndiyo hiari ya mwisho waliyobakiwa nayo. Waliivamia ghala, wakavichukua vyombo, na wakiongozwa na William Westwood wakawaua watumishi wanne wa gereza. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo watu 12 walinyongwa, Westwood akiwa miongoni mwao.

Wakati huo Childs alikuwa ameshaondolewa, na mahali pake amekuja John Price, mtu aliyejivunia kuijua lugha ya wahalifu na kuwatawala kwa hofu. Alikaa hadi mwaka 1853, kisha akapewa usimamizi wa magereza yote ya koloni la Victoria. Mwezi Machi 1857 alikwenda Williamstown, karibu na Melbourne, kusikiliza malalamiko ya wafungwa kuhusu chakula. Walimzingira, wakampiga kwa mawe na nyundo, akafa siku iliyofuata. Watu saba walinyongwa.

Ulinganisho huu si kamili. Wafungwa hawakuwa wale wale wote, na serikali ya London iliwataka Childs na Price wawe wakali. Mtafiti mwangalifu hatatoa hukumu kwa kisiwa kimoja. Lakini ni vigumu kuzisoma tarehe hizi kwa mfuatano, 1834, 1840, 1846, na kisha 1857, bila kuona kwamba namna ya kuongoza ilikuwa na uzito wake, na kwamba ulipimwa kwa maisha ya watu, wafungwa na walinzi wao.

Birmingham

Huko Uingereza, Maconochie aliendelea kuandika. Mwaka 1849 alipewa nafasi ya mwisho: kuongoza gereza jipya la Birmingham. Mahakimu waliolisimamia hawakuupenda mfumo wake, na naibu wake, William Austin, aliamini zaidi katika ukali. Mwaka 1851 Maconochie alifukuzwa kwa mara ya tatu, na Austin akachukua nafasi.

Chini ya Austin wafungwa walilazimishwa kuzungusha mashine ya mkono maelfu ya mara kwa siku, kazi isiyozalisha kitu. Aliyeshindwa kufikisha idadi alinyimwa chakula. Mwaka 1853 mvulana wa miaka 15 alijinyonga ndani ya seli yake. Tume ya kifalme iliundwa, na Austin alifikishwa mahakamani, akatiwa hatiani na kufungwa.

Tume hiyo hiyo ilimkosoa Maconochie pia. Ilimwona ni mtu mwenye huruma, lakini ikabaini kwamba katika wakati wake zilitumika baadhi ya adhabu ambazo sheria haikuziruhusu. Kwa mtu aliyetumia maisha yake akipinga ukatili, jambo hilo bila shaka lilimuuma. Linatufundisha pia kwamba nia njema ya mkuu wa gereza haitoshi pasipo macho ya nje ya kumchunguza.

Alichoacha

Maconochie alifariki tarehe 25 Oktoba 1860 huko Morden, kusini mwa London, akiwa na miaka 73, akazikwa katika uwanja wa kanisa la mahali hapo. Tayari Walter Crofton alikuwa akiyatumia mawazo yake katika magereza ya Ireland, ambako mfungwa alipanda hatua kwa hatua hadi kuachiwa kwa masharti. Mwaka 1870 mkutano mkubwa wa magereza uliofanyika Cincinnati, Marekani, ulipitisha misingi iliyofuata njia hiyo hiyo.

Wasikilizaji wetu waliotoka Afrika Mashariki huenda wanaijua sehemu ya urithi huo bila kulijua jina lake. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya magereza inamruhusu mfungwa mwenye bidii na tabia njema kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Familia inayohesabu miezi iliyobaki hadi ndugu yao arudi inahesabu pia, kwa namna yake, matunda ya fikra kwamba mfungwa aweze kuisogeza karibu siku yake ya kutoka kwa mwenendo wake mwenyewe.

Gereza lililoitwa kwa jina la Maconochie lilipokea wafungwa wake wa kwanza mwaka 2009 jijini Canberra, likiwa limejengwa kwa ahadi ya kuheshimu haki za binadamu. Tangu hapo limechunguzwa na kukosolewa zaidi ya mara moja. Huko Norfolk, majengo ya Kingston yaliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni hutembea kati ya kuta zake hadi makaburini kando ya bahari, ambako baadhi ya mawe yana majina ya wafungwa.